Paa la Gando na Usanifu wa Francis Kéré

Shule ya Msingi ya Gando, iliyokamilika mwaka 2001 kusini-mashariki mwa Burkina Faso, ni moja ya majengo yenye ubunifu mkubwa kabisa katika karne hii, ingawa vifaa vyake ni udongo, nondo na mabati ya kawaida. Ilianza na madarasa matatu yaliyopangwa kwa mstari mmoja, na kati ya darasa na darasa ikaachwa nafasi yenye kivuli ya kusomea na kuchezea. Msanifu wake, Diébédo Francis Kéré, alizaliwa Gando mwaka 1965 na ndiye mtoto wa kwanza wa kijiji hicho kupelekwa shule. Alisomea mbali na nyumbani, katika darasa lenye giza na joto kali. Mwaka 1985 alikwenda Berlin kwa ufadhili wa kujifunza useremala, na baadaye akasoma usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha jiji hilo. Shule ya Gando aliichora akiwa bado mwanafunzi, na fedha za ujenzi zikachangishwa kupitia chama alichokianzisha mwaka 1998.

Thamani ya jengo hili inaonekana zaidi katika paa lake. Katika ukanda wa Saheli, joto la kiangazi hupita nyuzi 40, na shule nyingi zimeezekwa kwa bati tupu. Bati ni jembamba. Hupata moto haraka, kisha hulishusha joto lile kwa walio chini yake. Hata dari ikiwekwa, kama imebanwa na paa na hewa haina pa kupitia, joto hujikusanya katikati hadi dari nayo ikawa ya moto. Mwalimu hushindana na joto hilo kila siku, na kuanzia saa sita mchana wanafunzi huwa wamekwishachoka.

Kéré aliliachanisha paa na dari. Kuta za Gando zimebeba mihimili ya zege inayokata upana wa darasa. Juu ya mihimili zimelazwa nondo, na juu ya nondo yamepangwa matofali ya udongo pasipo kuunganishwa kwa saruji. Hayo ndiyo dari. Paa la bati, lenye mpindo mwepesi, liko juu zaidi, limebebwa na kenchi na kuachiwa uwazi mkubwa kati yake na dari. Upepo hupita katika uwazi huo na kulichukua joto la bati kabla halijafika kwenye matofali. Wakati huohuo hewa ya moto ya darasani hupanda na kutokea kwenye mianya ya dari, huku hewa yenye ubaridi ikiingia madirishani kushika nafasi yake. Kazi yote hiyo hufanyika bila feni wala umeme.

Paa hilo pia limetokeza mbali nje ya kuta. Mvua ndiyo adui mkubwa wa ukuta wa udongo, na ukingo mpana huulinda ukuta kama mwavuli.

Namna kenchi zenyewe zilivyopatikana inastahili sifa ya pekee. Kuleta kreni na vyuma vizito hadi kijijini kulikuwa nje ya uwezo wa mfuko wa ujenzi. Kenchi zikaundwa kwa nondo nyembamba za kawaida, na mafundi wa kijiji wakafundishwa kuzikata kwa msumeno wa mkono na kuziunga kwa mashine ndogo ya kuchomelea. Watoto waliokota mawe ya msingi, wanawake wakateka maji, na matofali yakafyatuliwa papo hapo kwa udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa. Mwanzoni wanakijiji walisita, na walikuwa na sababu: kila mmoja wao alikuwa ameona nyumba za udongo zikibomolewa na masika. Jengo lenyewe ndilo lililowashawishi. Mwaka 2004 lilipata Tuzo ya Usanifu ya Aga Khan, na kadiri shule ilivyopanuliwa, wanafunzi waliongezeka kutoka 120 hadi 700. Mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo heshima kubwa kuliko zote katika fani ya usanifu majengo.

Ubunifu wake haukomei kwenye paa. Kwa maktaba ya Gando, wanawake walileta vyungu vya udongo vya nyumbani. Vikakatwa juu na chini, vikapangwa, kisha zege la dari likamwagwa kuvizunguka. Kila chungu kikawa tundu la kupitisha mwanga na kutolea hewa ya moto, na mwanga huo hushuka kwenye sakafu katika miduara midogo inayohama kadiri jua linavyosogea. Ni pambo zuri kupita taa yoyote ya bei ghali, na lina kazi ya kufanya.

Katika sekondari ya Lycée Schorge mjini Koudougou, pia nchini Burkina Faso, iliyojengwa mwaka 2016, kuta ni za mawe mekundu ambayo hukatwa ardhini yakiwa laini na kuwa magumu yakipigwa na hewa. Mbele ya kuta umesimamishwa wigo wa miti ya mikaratusi, ambayo kwa kawaida huishia kuwa kuni, na kati ya wigo na ukuta wanafunzi hupata mahali pa kukaa kivulini. Mabaki ya chuma cha ujenzi yalitumika kutengenezea samani za madarasa.

Nchini Kenya, kando ya Ziwa Turkana, Kéré alisanifu kampasi ya Startup Lions, iliyokamilika mwaka 2021 kwa ajili ya vijana wanaosomea teknolojia ya habari. Hapo minara mirefu iliyobuniwa kwa kufuata vichuguu vya mchwa huvuta hewa ya moto na kuitoa juu, huku matundu yaliyo karibu na ardhi yakiingiza hewa ya ubaridi. Kuta ni za mawe ya eneo hilohilo, na rangi nyekundu ya kampasi inafanana na udongo unaoizunguka. Msanifu au fundi wa Afrika Mashariki anayetaka kuona mbinu za Gando zikifanya kazi, sasa anaweza kuziona Turkana.