Mwili Munene: Nani Ana Kosa?

Kati yetu kuna namna mbili za kusema juu ya mutu munene. Wamoja wanamusifu: "Huyu anakula vizuri, amekuwa patron." Wengine wanamucheka: "Ni mulafi, ni muvivu." Sifa ile na cheko lile, vyote viwili vinaweza kumupoteza mutu. Sababu gani?

Tuanze na kazi. Mwaka wa 1953 munganga wa Uingereza, Jeremy Morris, na wenzake waliandika habari za wafanyakazi wa bus za London. Bus zile zilikuwa na etaje mbili. Shofere alikuwa anaikala siku muzima. Mwenye kukatisha tikiti alikuwa anapanda na kushuka ngazi saa zote. Mashofere ndio walipatwa zaidi na ugonjwa wa moyo. Mwaka wa 1956 wakapima suruali za kazi: kiuno cha mashofere kilikuwa kikubwa kupita cha wenzao, hata kwa wale vijana.

Angalia sasa kwetu. Baba aliyeshika mupiko na nyundo ndani ya mugodi, jasho lilimaliza bukari yake. Mutoto wake leo anaendesha kamyo, anaikala ku mustari wa Kasumbalesa siku na siku, anakula mukate na kunywa vinywaji vya sukari. Bukari ni ileile, lakini kazi ya mwili imepunguka.

Lakini kiti hakina kosa lote. Mwili nao una akili yake. Mwaka wa 1994 Jeffrey Friedman na wenzake, kule New York, walivumbua leptini. Mafuta ya mwili yenyewe ndiyo yanaitengeneza, nayo inapeleka habari ku bongo: "Akiba iko." Ukikonda, leptini inapunguka. Bongo inazania kwamba njaa imeingia katika inchi: inakuongezea hamu ya chakula, na mwili unatumia nguvu kidogo ili kulinda akiba. Ndiyo maana wengi wanakonda miezi mitatu, kisha wanarudia unene wa mbele. Tena kuna uzazi: mapacha waliolelewa mbalimbali, uzito wao unafanana sana. Basi usimuhukumu mwenzako kwa kiuno chake.

Utauliza: "Kumbe nia haina kazi?" Iko nayo! Lakini kupigana na njaa kila saa kunachosha hata mutu wa nguvu. Tumia nia yako mara moja, pale unapopanga mambo. Usilete chupa za sukari ku nyumba, na hautakuwa na vita nazo usiku. Shuka ku moto mbele ya kufika, umalize njia kwa miguu. Shirika la Afya Duniani linaomba dakika 150 kwa juma, ni kusema dakika 30 kwa siku tano. Hata kama kilo hazishuki, moyo unapata faida. Na mutu wa kilo 100 akipunguza kilo 5 mupaka 10 tu, sukari na tansio vinaweza kushuka.

Ninyi vijana, mujichunge na vidonge vya kunenepesha vinavyouzishwa ku soko. Vingine ni deksametazone, dawa ya munganga. Inapandisha sukari ya damu, na kuiacha kwa rafla kisha kuizoea kunaweza kuleta hatari kubwa. Mwili ulionenepa namna hiyo si alama ya afya.

Na ninyi wazazi, musimupikie munene sahani yake ya peke kama mufungwa. Nyumba yote ibadilishe: mboga nyingi, mafuta kidogo, kutembea pamoja jioni. Anayechekwa anajificha, na anayejificha hapimwi. Ugonjwa wa sukari unamukuta ukiisha kukomaa. Umusindikize ku lopitalo juma hili mukapimwe tansio na sukari, wewe pamoja naye.