Miaka ya Mchujo: Shule ya Baleti ya Opera ya Paris

Shule ya dansi ya Opera ya Paris ilianzishwa mwaka 1713 kwa amri ya Mfalme Louis XIV, ambaye mwenyewe alisifika kwa kucheza dansi katika ujana wake. Lengo lilikuwa kulipatia jumba la Opera wachezaji waliofunzwa kwa mtindo mmoja, bila kuwatoza ada. Karne tatu zimepita na lengo hilo halijabadilika. Hata sasa mafunzo ya dansi hayalipiwi. Kinachogharimu ni bweni na chakula, na familia zisizo na uwezo hupewa msaada.

Kampuni ya baleti ya Opera ina wachezaji 154, na wengi mno kati yao wamepitia shule hiyo. Huo si utaratibu wa kawaida. Kampuni nyingi za miji mingine huajiri vijana waliosoma popote, mradi wanajua kazi. Paris hujilea wachezaji wake, na jicho lililozoea huitambua tofauti hiyo jukwaani: nyayo zinazokwenda haraka bila kelele, mikono isiyo na mbwembwe, na safu nzima ya wachezaji inayoinua mguu kwa kimo kimoja. Usawa wa namna hiyo haupatikani kwa mazoezi ya wiki chache kabla ya onyesho. Hutengenezwa kuanzia utotoni.

Watoto huingia shuleni kuanzia umri wa miaka minane hivi na kuondoka wakiwa na miaka kama 18. Kabla ya kukubaliwa hupitia mchujo. Waamuzi huangalia zaidi mwili wa mtoto kuliko hatua anazozijua: urefu wa miguu na shingo, ulaini wa uti wa mgongo, upinde wa wayo, na hasa namna nyonga zinavyofunguka. Urefu na uzito navyo hupimwa, na daktari hutoa maoni yake. Anayepita huwekwa kwanza katika kipindi cha majaribio, na wengi hurudi nyumbani kipindi hicho kikiisha. Waliobaki hupangwa katika madaraja sita, yanayohesabiwa kinyumenyume: mgeni yuko daraja la sita, na anayekaribia kumaliza yuko la kwanza.

Msingi wa mafunzo yote ni kugeuza miguu nje. Mcheza baleti husimama visigino vikigusana na vidole vikielekea pembeni, na mgeuko huo lazima utoke kwenye nyonga. Mtoto mwenye haraka huulazimisha kwa magoti au kwa vifundo vya miguu. Mbele ya wazazi ataonekana amefuzu, lakini miaka michache baadaye magoti yatamdai deni hilo. Ndiyo maana mwalimu mzuri humzuia mwanafunzi kuliko anavyomsukuma, na mwaka wa kwanza hutumika kwa mambo yanayomchosha mtazamaji: kushika mti uliofungwa ukutani, kukunja magoti polepole, kunyoosha mguu mmoja sakafuni na kuurudisha, huku mpiga piano akirudia kipande kilekile cha muziki. Baada ya mti huja zoezi la katikati ya chumba, pasipo cha kushikilia. Hapo ndipo hujulikana nani alikuwa akiuegemea na nani alikuwa akiugusa tu.

Wasichana hawavai viatu vya ncha wanapoanza. Mifupa ya wayo wa mtoto bado ni laini, na kusimama juu ya vidole kabla ya wakati huweza kuiumiza. Kwa kawaida hatua hiyo hufikiwa karibu na umri wa miaka 11 au 12, kifundo na mgongo vikishapata nguvu. Kiatu chenyewe, kinyume na wengi wanavyodhani, hakina chuma wala ubao katika ncha. Ncha huundwa kwa tabaka za kitambaa na karatasi zilizoshikwa kwa gundi, na hulainika haraka kwa jasho. Mchezaji mkubwa huweza kumaliza jozi nzima katika onyesho moja. Wavulana hufunzwa kando na wasichana. Wao hukazia kuruka, kuzunguka hewani na kutua bila kishindo. Kucheza wawili wawili, mvulana akimwinua mwenzake au kumshika asiyumbe, huachiwa madaraja ya juu. Humo pia huingizwa dansi za kisasa, uigizaji wa kimya, dansi za asili za Ulaya, muziki na historia ya dansi. Walimu wengi wa baleti ni wachezaji wa zamani wa Opera hiyohiyo, kwa hiyo kosa linalosahihishwa leo ni lile ambalo mwalimu alisahihishwa na mwalimu wake.

Tangu mwaka 1987 shule iko Nanterre, magharibi mwa Paris, katika jengo lililobuniwa na msanifu Christian de Portzamparc. Kabla ya hapo ilikuwa ndani ya Palais Garnier, jumba la Opera lililofunguliwa mwaka 1875. Jengo la Nanterre lina sehemu tatu: ya dansi, ya masomo na ya kulala. Asubuhi wanafunzi husoma mtaala wa kawaida wa Ufaransa, mchana hucheza. Wanapopishana na mtu mzima kwenye korido husimama na kumwinamia kwa heshima, awe mwalimu au mgeni. Mswahili aliyelelewa na shikamoo hataona ajabu.

Kila mwaka kuna mtihani wa dansi, na anayeshindwa hana uhakika wa kurudia daraja. Mara nyingi huambiwa aondoke. Mtoto wa miaka 13 huweza kuondolewa kwa sababu mwili umebadilika alipobalehe, wala si kwa uvivu. Hili ndilo jambo gumu kuliko yote katika utaratibu wa Paris, na hakuna lugha laini inayoweza kulificha. Wanaofika daraja la kwanza hushindania nafasi chache za kampuni, ambako watakuta ngazi tano za vyeo, ya juu kabisa ikiwa ya nyota. Wasiochukuliwa hutafuta kazi katika kampuni nyingine, na kwa kuwa masomo ya darasani hayakuachwa, huwa pia na njia ya chuo kikuu.

Ukali wa shule una historia ndefu. Katika karne ya 19 wanafunzi, waliopewa jina la utani la panya wadogo, walikuwa wengi wao watoto wa maskini waliotegemewa na mama zao kuleta kipato. Wanaume matajiri waliokata tiketi za msimu waliruhusiwa kuingia nyuma ya jukwaa, na mabinti wengi waliishia mikononi mwao. Sanamu ya nta ya Edgar Degas iliyoonyeshwa mwaka 1881, ya binti wa miaka 14 aliyevaa sketi ya kitambaa halisi, ilifinyangwa kwa mfano wa mwanafunzi wa Opera, Marie van Goethem, mtoto wa dobi. Mwaka uliofuata alifukuzwa kwa kukosa mazoezi. Leo milango ya nyuma imefungwa kwa wageni wa aina hiyo, lakini lawama juu ya nidhamu hazikwisha: mwaka 2002 ripoti ya ukaguzi wa mazingira ya kazi ilieleza mateso ya kisaikolojia miongoni mwa wanafunzi, na shule ikaipinga hadharani. Miaka miwili baadaye uongozi ulipokewa na Elisabeth Platel, aliyekuwa nyota wa kampuni.

Swali la karne hii ni nani anayefika kwenye mchujo. Mwaka 2020 wachezaji weusi na machotara wa Opera waliandika waraka wakidai mambo ya msingi, kama soksi ndefu na viatu vinavyolingana na rangi ya ngozi zao. Ripoti ya Pap Ndiaye na Constance Rivière kuhusu suala hilo, iliyotolewa mwaka 2021, iliitaja shule kuwa chanzo cha tatizo, kwa kuwa kampuni haiwezi kuajiri weusi ambao shule haikuwafunza. Mmoja wa walioandika waraka huo alikuwa Guillaume Diop, mtoto wa baba Msenegali, aliyeingia shuleni mwaka 2012. Machi 2023, baada ya kucheza katika baleti ya Giselle mjini Seoul, alitangazwa nyota akiwa na miaka 23, akiruka cheo kimoja njiani. Hakuna mtu mweusi aliyewahi kupewa cheo hicho Paris kabla yake. Kufaulu kwake kunathibitisha kwamba mafunzo ya Nanterre humfaa mtoto wa asili yoyote. Hakuthibitishi kwamba mlango uko wazi, maana mtoto asiyepata mwalimu wa baleti mtaani kwake, wala mtu wa kumweleza kuwa mchujo upo, hatapimwa nyonga na mtu yeyote.