Chanjo ya HPV: mwili si una kinga yake?

Kitui ilifanyiwa majaribio ya chanjo ya HPV mwaka wa 2013, kabla ianze kutolewa kote nchini Oktoba 2019. Bado wazazi huuliza: mwili si una kinga yake? Swali zuri. Unayo. Seli za kinga huitoboa seli iliyovamiwa na virusi, kisha huingiza vimeng'enya viitwavyo granzaimu, na seli hiyo hujiua. Maambukizi mengi huisha hivyo. Lakini HPV hujua kujificha; ikidumu miaka mingi huweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi. Kwa wanawake wanaoishi na virusi vya Ukimwi hatari ni mara sita. Chanjo huzuia virusi kabla havijaingia ndani ya seli. Msichana wa miaka 10 hadi 14 huchanjwa bila malipo katika vituo vya afya vya umma.