Kimo cha Kufungulia Mwavuli

Wavulana wenzangu wameniuliza: watu wanne wakiruka kutoka katika ndege wamevaa suti za mabawa, waachane wapi, na wafungue miavuli wapi? Hapa kwetu sijamwona mtu wa mchezo huo, lakini hesabu yake ni ya darasani tu, ila anayeikosea hapati nafasi ya masahihisho.

Mwenye suti hiyo huenda mbele kama mita 40 kwa sekunde, huku akishuka kama mita 20. Wawili wakielekeana hukaribiana mita 80 kila sekunde; mita 400 huisha kwa sekunde 5. Kwa hiyo kila mmoja hugeuka kidogo kwenda upande wake, wala hakati njia ya mwenziwe. Tena asikae juu ya mgongo wa mwenziwe: hewa ya hapo imevurugika, na wa chini akifungua mwavuli, wa juu atamwangukia.

Tuseme wameachana kwenye mita 1,800, wakafungua kwenye 1,200: wamepata sekunde 30 za kutengana. Mimi nisingekubali chini ya hapo, maana mwavuli ukikataa, huna budi kuukata na kufungua ule wa akiba.

Lakini mita kutoka wapi? Gitega ni kama mita 1,500 juu ya bahari, Muyinga kama 1,750. Aliyeweka kipima-kimo chake sifuri Gitega, akaruka juu ya Muyinga, akisoma 1,200 yuko mita 950 tu. Na chini yake pakiwa na kilima, hata hizo hana.