India: Sensa inapoamua kijiji kipi kipate barabara

KATIKA vijiji vya India, sensa si hesabu ya vichwa tu. Kwa zaidi ya miaka 20, idadi ya wakazi iliyoandikwa na makarani wa sensa imekuwa ikiamua iwapo kijiji kitajengewa barabara au kitaendelea kufikiwa kwa miguu.

Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu watu wapatao bilioni 1.21 nchini humo. Kati yao karibu milioni 833, sawa na asilimia 69, waliishi vijijini.

Kijiji kisicho na barabara ya kudumu huweza kutengwa kabisa wakati wa mvua za monsuni, kati ya Juni na Septemba. Njia za udongo hugeuka matope, na magari ya abiria pamoja na bajaji huishia njia panda. Mgonjwa hulazimika kubebwa kwenye kitanda cha kamba hadi mahali ambapo gari linaweza kufika.

Adha hiyo ndiyo iliyompa umaarufu Dashrath Manjhi, kibarua wa kijiji cha Gehlaur katika jimbo la Bihar. Baada ya kufiwa na mkewe, aliuchonga mlima kwa nyundo na patasi kuanzia mwaka 1960 hadi 1982. Njia aliyoipasua, yenye urefu wa meta zipatazo 110, ilipunguza safari kati ya Atri na Wazirganj kutoka kilometa 55 hadi 15. Manjhi alifariki dunia Agosti 2007.

Desemba 25, 2000, serikali ya Waziri Mkuu Atal Bihari Vajpayee ilizindua mpango wa barabara za vijijini uitwao Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana. Lengo lilikuwa kuvipatia vitongoji barabara inayopitika majira yote. Sharti lake ni idadi ya watu: wakazi 500 au zaidi katika maeneo ya tambarare, na 250 milimani, jangwani na katika maeneo ya makabila ya asili.

Vitongoji vilivyo ndani ya meta 500 huweza kujumlishwa na kuhesabiwa kuwa kimoja. Milimani umbali huo ni kilometa 1.5. Kwa hiyo, vitongoji viwili jirani vya watu 300 na 250 hutimiza sharti, ilhali kitongoji cha watu 450 kilicho peke yake katika eneo la tambarare hukosa. Aghalabu hicho cha mwisho ndicho kilicho mbali zaidi na hospitali na soko.

Je, barabara huleta neema? Wachumi Sam Asher na Paul Novosad walilinganisha vijiji vilivyozidi kidogo kiwango hicho na vile vilivyopungukiwa kidogo. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2020, waligundua kwamba barabara ziliwawezesha wanavijiji wengi kuacha kilimo na kutafuta kazi nyingine. Hata hivyo, mavuno na kipato havikubadilika sana. Yaani, barabara hufungua mlango, lakini peke yake haileti soko wala mtaji.

Septemba 2024, serikali iliidhinisha awamu ya nne ya mpango huo, inayolenga vitongoji 25,000 na barabara zenye urefu wa kilometa 62,500. Takwimu zilizochaguliwa kuwa msingi wake ni zile zile za mwaka 2011, kwa kuwa sensa ya 2021 iliahirishwa kutokana na Uviko-19 na baadaye kupangiwa mwaka 2027.

Maana yake ni kwamba kitongoji cha tambarare kilichokuwa na watu 480 mwaka 2011, hata kama sasa kimefikisha 600, bado kinahesabiwa kuwa na watu 480. Kwa wakazi wake, pengo hilo la watu 20 ndilo linaloamua iwapo mgonjwa atafuatwa na gari au atabebwa mabegani.