Maumivu ya viungo kwa wazee: si kila mara ni uzee

Mzee akilalamika kuhusu magoti au vidole, jibu la haraka nyumbani huwa moja: "Ni uzee huo." Mara nyingi ni kweli, kwani gegedu inayokinga ncha za mifupa huchakaa kadiri miaka inavyokwenda. Lakini upo ugonjwa mwingine, baridi yabisi, ambao kinga ya mwili hugeuka na kushambulia viungo. Unaweza kuanza hata baada ya miaka 60, na usipotibiwa huharibu viungo mpaka vidole vinapinda.

Tutautambuaje? Maumivu ya kuchakaa huzidi baada ya kazi na hupungua ukipumzika. Baridi yabisi husumbua zaidi asubuhi. Viungo hukakamaa kwa nusu saa au zaidi, mzee anashindwa kufunga vifungo vya shati, kisha hulegea akianza kujishughulisha. Vifundo vya mikono na vidole huvimba, mara nyingi pande zote mbili. Tukiona hivyo, tusiache wiki sita zipite kabla ya kumfikisha hospitali.

Daktari atashika na kukagua viungo, ataagiza vipimo vya damu na pengine eksirei. Kipimo cha damu peke yake hakitoshi: kuna wazee wazima ambao majibu yao huonyesha ugonjwa, na wagonjwa ambao majibu yao hayaonyeshi kitu.

Vidonge vya maumivu vya dukani hutuliza tu, havizuii viungo kuharibika. Mzee akivitumia muda mrefu vinaweza kumletea vidonda vya tumbo, kupandisha presha na kudhuru figo.

Dawa inayozuia uharibifu, ambayo mara nyingi huanza kutumika, ni methotreksati. Humezwa mara moja tu kwa wiki. Kuimeza kila siku kunaweza kuua. Chagueni siku moja, muiandike kwenye kalenda, na mtu mmoja nyumbani aisimamie. Nafuu huchukua wiki 6 hadi 12, kwa hiyo msikate tamaa mapema. Msikose tarehe za kupima damu, ini na figo. Akipata homa au vidonda mdomoni, mrudisheni kwa daktari mara moja.

Na kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto, pamoja na homa, huenda ni usaha. Hapo msisubiri kesho.