Komunike Yenye Muhuri, Isiyo na Herufi (Sehemu ya Nne)

Tangu Goma ianguke mwishoni mwa Januari 2025 na ofisi za jimbo la Kivu Kaskazini kuhamia Beni, sisi wa Beni na Butembo tumekuwa watu wa komunike. Haipiti wiki bila karatasi ya serikali kuingia kwenye simu: ya liwali wa jimbo, ya meya, ya polisi, ya idara ya elimu. Tunaipokea WhatsApp, tunaikuza kwa vidole viwili, tunaisoma, tunawatumia ndugu na jamaa. Siku hizi mabishano makubwa ni kama komunike fulani ni ya kweli au ya kughushi, na kila upande hunyooshea kidole muhuri. Sijasikia anayeuliza jinsi karatasi hiyo inavyomfikia asiyeona.

Waliofuata makala tatu zilizotangulia wanakumbuka jinsi TalkBack ya simu za Android na NVDA ya kompyuta zinavyogeuza maandishi kuwa sauti. Sitayarudia hayo. Leo nashikilia jambo moja: programu hizo husoma herufi, na picha ya herufi si herufi. Komunike iliyopigwa picha ikiingia kwenye simu ya asiyeona, sauti humtajia aliyeituma, saa iliyofika, na kwamba ni picha. Imeisha hapo. Kama ndani yake mna saa ya kufungwa kwa barabara ya Kasindi, hataijua mpaka apate wa kumsomea. Zipo programu za kuchambua herufi zilizomo ndani ya picha, lakini karatasi iliyopigwa ikiwa imepinda, ikapita katika makundi kumi, na muhuri wa bluu umekaa juu ya tarehe, huzishinda.

Ili tuelewe ugonjwa huu, hatuna budi kurudi Paris ya zamani. Najua baadhi yenu mtasema mzee huyu tena na Paris yake. Vumilieni kidogo.

Valentin Haüy alipoanzisha shule yake ya wasioona, miaka ya 1780, alichapa vitabu kwa kukandamiza karatasi mbichi juu ya herufi kubwa za chuma, ili kidole kizipapase. Vitabu vilikuwa vizito, kusoma kulikwenda pole pole mno, na mwanafunzi mwenyewe hakuweza kuandika lolote kwa njia hiyo. Hata hivyo walimu walivipenda, na wafadhili pia, kwa sababu waliweza kuvisoma kwa macho yao.

Louis Braille alifika katika shule hiyo mwaka 1819, akiwa na miaka kumi. Alizaliwa Coupvray tarehe 4 Januari 1809, mwana wa fundi wa matandiko ya farasi, na alikuwa na miaka mitatu alipojichoma jicho kwa msharasi wa babaye. Maambukizi yakaenea hadi jicho la pili. Mwaka 1821 Charles Barbier aliwaletea wanafunzi maandishi ya nukta zilizoinuka. Wazo lilikuwa zuri, lakini kila alama ilichukua hadi nukta kumi na mbili, nyingi kuliko zinavyoenea chini ya ncha ya kidole. Tena ziliandika sauti tu, bila tahajia wala vituo. Braille alikata, akapunguza, akapanga upya, na mwaka 1824, akiwa na miaka kumi na mitano, alikuwa na nukta sita: safu mbili, tatu kwa tatu. Kidole kinazigusa zote kwa mara moja. Alichapisha mfumo huo mwaka 1829, pamoja na namna ya kuandika muziki, kwa kuwa alikuwa pia mpiga kinanda kanisani.

Anayeandika kwa mkono hubana karatasi ndani ya kibao chenye vijidirisha, akatoboa kwa kijisindano chenye mpini, akianza kulia kwenda kushoto, kwa sababu vinundu hutokeza upande wa pili. Akimaliza huigeuza karatasi na kuisoma kutoka kushoto kwenda kulia. Herufi a ni nukta moja tu. Ile é ya Kifaransa hula nukta zote sita, na jina République Démocratique du Congo, ambalo komunike zetu zote hulibeba kichwani, linazo mbili. Kiswahili hakina haja ya alama hizo za juu ya irabu. Kinapita katika nukta nundu, kama tunavyoyaita maandishi ya Braille, kwa wepesi ambao Kifaransa kingeuonea wivu. Ningekuwa na ukurasa mzima ningeujaza kwa hilo peke yake.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Mwaka 1840 shule ilipata mkuu mpya, Pierre-Armand Dufau, naye akapiga marufuku nukta za Braille. Hoja yake ilikuwa kwamba maandishi ya wasioona yakitofautiana na ya wenye macho, yatawatenga. Hoja yenyewe ilisikika kama huruma. Wanafunzi waliendelea kuandikiana kwa siri. Msaidizi wa mkuu, Joseph Guadet, ndiye aliyetazama, akashawishika, na mwaka 1844, siku ya kufunguliwa kwa jengo jipya la shule, akausifu mfumo huo mbele ya wageni. Ufaransa iliupokea rasmi mwaka 1854. Braille alikuwa amekwisha kufa kwa kifua kikuu tarehe 6 Januari 1852. Miaka mia moja baadaye mwili wake ulihamishiwa Panthéon, mahali wanapolala mashujaa wa Ufaransa, lakini watu wa Coupvray walibakiza mikono yake kijijini.

Wahenga wetu walisema mwenye macho haambiwi tazama. Haüy na Dufau walikuwa na macho, tena walikuwa watu wema, na bado walichagua maandishi yaliyowaridhisha wao kuliko yaliyomfaa msomaji. Huo ndio ugonjwa, nao haukuzikwa Paris.

Hata humu Kongo tunao mfano wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, daktari Mbelgiji Jean Hissette alikuta kando ya mto Sankuru vijiji ambamo watu wengi walikuwa vipofu, akaeleza kwamba chanzo ni minyoo inayoletwa na kainzi wa mitoni. Wenzake wa koloni walimtilia shaka. Ilibidi msafara wa Chuo Kikuu cha Harvard, ukiongozwa na Richard Strong, uje mwaka 1934 ndipo neno lake lipate uzito. Wanakijiji walikuwa wanajua siku zote kwamba hawaoni. Kilichokosekana ni mkubwa wa kuwasikiliza.

Na kwetu, nani asiyeona? Wapo waliozaliwa hivyo, wapo wa mtoto wa jicho, wapo wazee wa presha ya macho. Kuna na kundi ambalo miji yetu imelipata karibuni. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, ukaisha tarehe 25 Juni 2020, uliua watu 2,287. Tuliwazika, na tukawashangilia waliopona. Lakini virusi hivyo hujificha ndani ya jicho hata baada ya damu kuwa safi, na baadhi ya walionusurika walipatwa na uvimbe wa ndani ya jicho, wengine mtoto wa jicho. Mwaka 2019 ilibidi ifunguliwe kliniki ya macho kwa ajili yao hapa Beni. Mtu anayepoteza uwezo wa kuona akiwa na miaka arobaini hajui nukta nundu, na kujifunza ukubwani ni kazi ya uvumilivu. Ila simu anayo, na masikio yake ni mazima. Huyo ndiye tunayemtumia picha.

Sheria hatukosi. Ile namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 kuhusu haki za watu wenye ulemavu na ibara ya 49 ya Katiba tulizichambua katika sehemu ya pili, pamoja na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki hizo ambao nchi yetu iliingia mwaka 2015. Tukitazame basi kilichomo mezani pa katibu.

Katibu wa ofisi huandika komunike kwa kompyuta. Wakati huo maandishi ni hai: programu inaweza kuyasoma, kuyakuza, hata kuyapeleka kwenye kifaa cha nukta nundu. Kisha anayachapisha, mkubwa anatia sahihi, muhuri unapigwa, na kijana mmoja anapiga picha kwa simu. Maandishi yaliyokuwa hai saa tatu, saa nne yamekufa. Na hata kabla ya hapo yalikuwa yameumizwa. Kichwa cha karatasi huandikwa kwa kuachanisha kila herufi, C O M M U N I Q U É, ili kipendeze. Programu hukisoma herufi moja moja, mpaka msikilizaji apoteze neno. Majina ya mitaa hupangwa safu kwa kubonyeza nafasi mara nyingi badala ya kutengeneza jedwali lenye kichwa cha safu, na anayesikiliza hajui ni saa ipi ya mtaa upi. Vichwa vidogo hukolezwa wino tu, ilhali Word ina mitindo ya vichwa inayomwezesha asiyeona kuruka kutoka sehemu hadi sehemu kama mwenye macho anavyofanya. Vijana wa sekretariati za Butembo, wanaoandikia watu barua na kazi za shule kutwa nzima, wakizoea mambo haya matatu, watakuwa wamefanya zaidi ya semina nyingi za hotelini.

Najua jibu la ofisini: bila muhuri, komunike itaghushiwa. Lakini muhuri wa pichani unaghushiwa tayari. Mabishano yetu ya kila wiki ni ushahidi. Picha itumwe kama uthibitisho, na maandishi yatumwe pamoja nayo kama habari. Ofisi ikiyaweka kwenye ukurasa wake rasmi, hata wanaoona watapata pa kulinganishia.

Sehemu ya tano, Mungu akipenda, itahusu mashine ya kupigia kura, ile iliyotumika nchini mwaka 2018 na 2023, ambayo skrini yake ya kugusa haina kinundu hata kimoja. Kwa leo namwomba kila katibu wa Beni na Butembo jambo moja: kabla ya kutuma picha, anakili maandishi na kuyabandika chini yake. Jambo hilo halihitaji bajeti wala mfadhili. Na ofisi itakayosubiri mradi wa wageni kwa kazi ya dakika moja isije ikatuambia kwamba shida yetu ni umaskini.